Mita Tatu Pungufu

Hakuwa na cheti cha ukocha. Hakuwa na gari, wala baiskeli, wala mwavuli. Hakuwa na jino moja la mbele, ambalo alisema alimwachia beki fulani kama kumbukumbu. Hakuwa na suti. Alikuwa na koti moja la kijivu lililopotelewa na kifungo cha katikati, na kwa miaka minne niliyofanya kazi naye hakupata siku ya kulipeleka kwa fundi. Hakuwa na rafiki hata mmoja katika ofisi za chama cha soka. Hakuwa na sauti ya chini. Akikunong'oneza siri, watu waliokaa upande wa pili wa uwanja walitikisa vichwa kuonyesha kwamba wameelewa.

Na hakuwa na woga. Hicho ndicho kitu ambacho sisi wengine wote tulikuwa nacho cha kutosha, na ndiyo maana tulimpenda.

Wachezaji walimwita Parapanda, ila mbele yake walisema Kocha. Mimi nilikuwa mtunza uwanja wa klabu. Nilikata nyasi, nilifukia mashimo, nilishona nyavu za goli na kupiga chokaa mistari yote, ya pembeni, ya katikati na ya kumi na nane. Kabla yake klabu ilipata makocha watatu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mistari ile inachorwa na mtu. Nadhani waliamini inaota.

Parapanda alikuja uwanjani asubuhi ya kila mechi, saa moja kamili, viatu mkononi. Alisema nyasi zina habari, na habari hiyo husomwa kwa nyayo. Akishamaliza kuzunguka, alikuja pale nilipokuwa nakoroga chokaa, akageuza ndoo tupu, akakaa juu yake.

"Fundi Mistari," aliniita hivyo, na jina lenyewe ni lake, "leo nakupa wachezaji kumi na moja. Washike mpaka saa nane. Usimwambie mtu."

Kisha alinitajia kikosi, mmoja mmoja, na sababu ya kila mmoja. Wachezaji wenyewe walikuwa hawajui. Mwenyekiti alikuwa hajui. Mimi nilijua, nikiwa na chokaa mpaka kwenye kope. Mke wangu nilimwambia kila mara, lakini siri ilikuwa salama kwake kwa sababu hakuwa akisikiliza.

Nimeishi miaka sabini na miwili. Nimeoa, nimezaa, nimesoma, nimefanya kazi serikalini mpaka kustaafu. Bado hakuna saa ya maisha yangu ninayoitamani irudi kama ile saa moja ya asubuhi.

Siku hizi nawasikiliza makocha redioni. Wanaongea kama wanaosoma maelekezo ya dawa. Parapanda aliulizwa na waandishi kwa nini tumefungwa matatu, akajibu, "Kwa sababu tumecheza ovyo. Andikeni hivyo hivyo. Nikisoma kesho neno 'bahati mbaya' nawafuata ofisini kwenu." Mwenyekiti alipolalamika hadharani kuhusu uhaba wa magoli, Parapanda alisimama katikati ya mkutano na kusema, "Mheshimiwa mwenyekiti, bukta ya ziada ipo. Shuka jukwaani tukuone." Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupata hewa. Mwenyekiti naye alicheka, lakini kwa mdomo tu.

Yeye ndiye aliyenipeleka shule. Alinikuta siku moja nachora duara la katikati, akauliza napata vipi upana wake.

"Kwa macho, Kocha."

Nilitarajia acheke. Akalizunguka duara lote taratibu, akarudi.

"Mtu anayechora hivi kwa macho," akasema, "akipewa hesabu atachora nini?"

Jumatatu iliyofuata alinishika mkono mpaka kwenye darasa la jioni la watu wazima, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko. Madawati yalikuwa ya watoto. Magoti yangu yalifika kidevuni. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Parapanda alimwambia mwalimu, kwa ile sauti yake, darasa zima likisikia, "Nimekuletea mwanafunzi. Akitoroka niambie, nitamweka benchi."

Sikutoroka. Nilijifunza sehemu na desimali, vipimo vya urefu na eneo, na namna ya kuandika barua rasmi. Miaka miwili baadaye nilipata cheti cha hesabu, daraja la kwanza. Nilikipeleka uwanjani kikiwa ndani ya bahasha ili nimwonyeshe yeye tu. Alikinyakua, akapuliza filimbi, akasimamisha mazoezi na kuwapanga wachezaji wote mstari mmoja wanipigie makofi. Golikipa alipiga makofi na glavu zake, pwa, pwa, pwa. Mpaka leo nikiona glavu za golikipa kifua kinanijaa.

Baada ya hapo nilitupa vipimo vya macho. Nilinunua kamba nene ya katani, nikaipima kwa rula ya chuma ya shuleni, mita thelathini na mbili, nikafunga fundo kila mwisho. Uwanja wetu ulisajiliwa kwa upana wa mita sitini na nne. Nikisimama katikati na kuvuta kamba upande huu mara moja, upande ule mara moja, upana wote umekamilika. Wachezaji walinitania kwamba nalala nayo. Haikuwa kweli. Niliitundika kwenye msumari, ndani ya stoo.

Sasa nifike pale nilipokuwa sitaki kufika.

Msimu wa nne tulibakiza mechi moja na timu ya juu yetu, pale kwetu. Wao walikuwa na mawinga wawili waliokimbia kama watu walioiba. Siku tano kabla ya mechi waandishi walimuuliza Parapanda atawazuia vipi.

"Mawinga?" akasema. "Nitaufinya uwanja. Wakipiga chenga ya kwanza tu wataangukia mapajani mwa mashabiki."

Kila mtu alicheka. Magazeti yakaandika kwa herufi kubwa.

Wiki hiyohiyo mvua ilinyesha siku nne. Mafundi wa manispaa walikuwa wamechimba mitaro pande zote mbili za uwanja na kuifukia, kwa hiyo mistari ya zamani na matundu ya vigingi vyote vilipotea. Ilibidi nipime upya. Nilipofungua stoo nikakuta paa limevuja, msumari umeng'oka, na kamba iko chini, ndani ya dimbwi, imelowa mpaka moyoni. Nikaikamua kwa mikono. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote kutoka katikati, upande huu, upande ule, nikapiga vigingi, nikapiga chokaa. Nilirudi nyuma nikautazama uwanja. Ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Tulishinda moja bila. Beki wetu wa kulia aliniambia baada ya mechi, "Fundi, leo sijui nina nini, kila mpira nimeufikia." Nikamwambia ni mazoezi.

Wapinzani walikata rufaa. Jumatatu maofisa wa chama walikuja na futikamba ya chuma, wakapima mara tatu. Mita sitini na moja. Uwanja wetu ulipungua mita tatu kamili.

Tuliitwa mbele ya kamati ya chama baada ya siku tisa. Katika siku hizo niliitoa kamba nje, nikaisafisha tope na kuianika juani, kwa sababu niliona aibu kupeleka kitu kichafu mbele ya watu wazima. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, feni ikikwaruza juu, meza imefunikwa kitambaa cha kijani. Parapanda alikaa na koti lake lisilofungwa. Alinikonyeza.

Mwenyekiti wa kamati, mwanasheria mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine mfukoni, aliniuliza nilipima kwa kutumia nini. Nikaiweka kamba mezani.

"Ipimwe," akasema.

Waliinyoosha kwenye korido, kupita milango ya ofisi zote. Makarani walitoka kutazama. Futikamba ya chuma ililazwa sambamba nayo. Mita thelathini na mbili. Haikuzidi wala kupungua hata upana wa kidole.

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Na Parapanda akapiga ukuta kwa kiganja, akawaambia makarani, "Mnamuona huyu? Huyu ni mtu wangu! Ana cheti!"

Tukarudi chumbani. Mwanasheria akavua miwani.

"Vizuri," akasema. "Kamba ni sahihi. Mpimaji ana cheti. Basi uwanja umepunguaje?"

Hapo ndipo feni ilisikika.

Akanigeukia. "Kocha alikuagiza upunguze?"

"Hapana, mheshimiwa. Hata siku moja."

"Basi huenda ulikosea kupima."

Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yangu, pana kabisa. Ningesema labda. Ningesema sijui, mvua ilinyesha, nilikuwa na haraka. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na cheti kimoja.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi sikosei kupima."

Mwanasheria akafunua gazeti. Akasoma maneno ya Parapanda, taratibu, neno kwa neno: nitaufinya uwanja. Mezani hakucheka mtu. Maneno yale yale yaliyovunja watu mbavu wiki mbili nyuma sasa yalikuwa ungamo. Parapanda akasimama kuongea, na kwa mara ya kwanza nilimuona anatafuta neno. Alipolipata lilikuwa baya. Aliiambia kamati kwamba futikamba yao imefundishwa uongo na mabwana zake.

Akafungiwa miaka mitano. Klabu ikanyang'anywa pointi, na mwenyekiti wetu, yule wa bukta, akamfukuza jioni ileile.

Kesho yake alikuja uwanjani, saa moja, na mfuko wa nguo begani. Hakuvua viatu.

"Ulinitetea vizuri, Fundi," akaniambia. "Watu wote walinikimbia, wewe ulisimama. Sitasahau."

Akanishika bega, akaondoka. Sikumuona tena.

Kiangazi kilichofuata nilitakiwa kurudia mistari. Nikachukua kamba, kavu kabisa, nikasimama katikati, nikavuta. Kigingi kikaangukia nje ya tundu nililopiga wakati wa ile mvua, hatua moja na nusu. Nikajaribu upande wa pili. Hatua moja na nusu. Nikakaa kwenye nyasi. Kisha nikafanya kama tulivyofundishwa darasani, kwamba jambo usilolielewa lirudie kwa makusudi. Nikaichovya kamba kwenye pipa la maji, nikaiacha usiku kucha na siku nzima, nikaivuta tena ikiwa imelowa. Ncha yake ilitua ndani ya tundu la zamani kama mguu ndani ya kiatu chake.

Katani ikilowa hujikunja. Kila anayeanika nguo kwenye kamba ya katani anajua hilo. Mimi mwenye daraja la kwanza sikujua.

Ningeweza kwenda kwa kamati siku ile. Nilivaa hata shati. Lakini wiki ileile ofisi ya upimaji wa ardhi ilikuwa imeniita kazini. Mmoja wa makarani wa ile korido alihamia huko, akawaambia yupo mtu ambaye kamba yake ilipimwa na chama kizima ikakutwa sawasawa. Nikavua shati. Nikajiambia miaka mitano siyo milele. Nikajiambia atarudi, nitamwambia yeye mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye ndoo. Hakurudi. Adhabu ilipoisha hakuna klabu iliyomtaka. Nilisikia anauza vifaa vya shule mji mwingine, kisha nikasikia anakaa kwa bintiye.

Miaka thelathini na moja imepita. Mimi ni Fundi Mistari bado, ila sasa mtaani jina hilo lina maana nyingine. Majirani wakigombania mpaka, wananiita mimi. Nikisema ukuta upite hapa, unapita hapa. Cheti kiko sebuleni, ndani ya fremu.

Mwezi uliopita klabu ilimaliza kujenga jukwaa jipya, na kamati ya wanachama ikapendekeza liitwe kwa jina la Parapanda. Nililisoma tangazo mara nne. Nikatembea kwenda kwa kinyozi ingawa nywele zangu hazikuwa zimefikia kunyolewa. Nilitaka tu kulisikia jina lake likitajwa na watu.

Lilitajwa.

"Jukwaa lipewe jina la tapeli?" alisema dereva wa lori aliyekuwa akisubiri zamu. "Mtu alikata uwanja kama kitambaa! Watoto wetu wakiuliza huyu nani, tuwaambie nini?"

"Lakini alikuwa anajua mpira, yule," kinyozi akasema, mashine ikiwa kichwani kwangu.

"Kujua mpira na wizi ni vitu viwili, kaka. Wanachama wanapiga kura Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi napinga."

"Mzee wetu hapa alikuwepo," kinyozi akasema. "Fundi, si uliitwa kwenye kamati? Hebu mwambie huyu. Kamba yako ilikuwa na kasoro?"

Nusu ya kichwa changu ilikuwa imenyolewa. Hakuna mtu anayeweza kuondoka kwa heshima katika hali hiyo.

"Waliipima," nikasema. "Walikuta sawa."

"Unaona?" dereva akajipiga goti kwa kiganja. "Mwenyewe huyu hapa! Shahidi hai! Mzee, shikamoo tena."

Nikaitikia marahaba. Kwenye kioo nilimuona mzee mwenye nywele upande mmoja, amekaa wima, mkogo mtupu.

Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu anachagua mchele uani. Nikakaa kwenye kigoda pembeni yake, nikamwambia yote, kuanzia dimbwi la stoo mpaka pipa la maji. Safari hii alisikiliza. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Miaka thelathini na moja," akasema mwishowe, "unakula chakula changu, hilo limo tumboni?"

"Limo."

"Na mimi nikadhani ni vidonda vya tumbo. Nimekunyima pilipili bure!" Akaendelea kuchagua kidogo. Halafu akainua macho. "Ule ukuta wa jirani. Ulipima na nini?"

"Futikamba ya chuma, mama. Chuma hakinywi maji."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hata kule ulisema una hakika."

Na hilo ndilo nililoliogopa miaka yote, kwamba siku nikisema neno hili moja, kila mwenye ukuta atatoka na kamba yake. Nitapita mtaani na watu watahesabu hatua nyuma yangu.

"Hivi bado yu hai, huyo mtu wako?" akauliza.

"Yu hai. Ana miaka sabini na tisa."

"Na anajua?"

"Anajua kwamba nilimtetea."

Mke wangu akaweka ungo chini. "Baba," akasema, na haniiti hivyo isipokuwa kuna msiba au sherehe, "kaa uandike. Jumamosi hiyo haiko mbali."

Nikaandika. Nilianza na historia ya klabu, nikapitia hali ya hewa ya mwaka ule, tabia za nyuzi za mimea na upungufu wa matengenezo ya stoo za umma. Zilifika kurasa nne, kwa mwandiko ambao mwalimu wangu wa jioni angejivunia. Nikampa mke wangu asome. Alisoma akiwa amesimama.

"Nzuri," akasema. "Sasa wewe umo wapi?"

"Ukurasa wa tatu."

"Nimekuona. Umesema 'kamba ilipungua na hitilafu ikatokea'. Kamba ilijipima yenyewe? Ilikwenda yenyewe kwenye kamati ikasema haikosei?"

Nilikasirika. Nikamwambia yeye hajui barua rasmi zinavyoandikwa. Akaniambia ni kweli, hajui, akaingia ndani kulala mchana. Nikabaki na zile kurasa nne. Kwa kweli zilikuwa na kila kitu, isipokuwa mimi.

Nilizichana. Kesho yake asubuhi nilichukua karatasi moja nikaandika hivi:

"Kwa Kamati ya Wanachama. Yah: Upana wa uwanja. Mimi niliyeandika barua hii ndiye niliyepima uwanja kwa mechi iliyosababisha kocha wetu afungiwe. Nilipima kwa kamba ya katani iliyolowa maji ya mvua, nayo ilikuwa imejikunja mita moja na nusu. Mbele ya kamati ya chama kamba ilikuwa imekauka, ndiyo maana ilionekana sahihi. Kocha hakuniagiza chochote na hakujua chochote. Nilipoulizwa kama nilikosea, nilikataa kwa majivuno. Niligundua kosa langu mwaka uliofuata kwa kurudia kipimo, nikanyamaza kwa kulinda jina langu na kazi yangu. Mwenye shaka achukue kamba ya katani na ndoo ya maji. Niko tayari kusema haya mbele ya wanachama wote. Nakala: Kocha."

Nikasaini jina langu kamili, nikanakili barua nzima kwenye karatasi ya pili, kwa mkono, maana nakala yake sikutaka itoke kwenye mashine.

Ya kamati niliipeleka mwenyewe. Katibu wa klabu, mama mmoja mwenye haraka, aliifungua akiwa anaongea na simu. Aliisoma mpaka katikati, akakata simu bila kuaga. Akanitazama.

"Mzee, unajua nikiisoma hii mkutanoni, magazeti yataipata?"

"Najua, mwanangu."

"Na wewe ukae kwenye kiti cha mbele?"

"Nitakaa."

Akapiga mhuri wa kupokelewa. Hakunipa pole wala hongera. Aliniandikia tu, kwenye kipande cha karatasi, anwani ya binti wa Parapanda.

Ile ya pili ilikaa siku mbili juu ya meza. Mke wangu aliipita akienda jikoni, akaipita akirudi, hakusema kitu, na kwake kutosema kitu ni kazi kubwa. Chini ya maneno ya kamati palibaki nafasi ya vidole vinne. Nilitaka kuijaza. Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kusikia tena mtu akiongea kama yeye. Nilitaka kumuuliza kama sauti bado ipo, kama akiongea sebuleni kwa bintiye majirani huwa wanaitikia. Nilitaka kumuuliza angempanga nani leo. Mara tatu nilishika kalamu, na kila mara sentensi ilipoanza niliona nilivyokuwa naomba. Nilikuwa naomba anihurumie, aniandikie, aniambie ni mambo ya zamani. Mtu aliyechukuliwa kazi yake yote asidaiwe majibu pia.

Nikaiacha ile nafasi tupu. Nikaikunja karatasi mara tatu, ikaingia vizuri. Nikalamba gundi ya bahasha, nikaibonyeza kwa kiganja kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikavaa viatu.

Posta palikuwa na foleni ya watu watano. Binti wa dirishani aliipima barua kwenye mizani, akabandika stempu, akaniuliza kama nataka ya kawaida au ya kusaini mpokeaji.

"Ya kusaini," nikasema.

"Mpokeaji ni yeye mwenyewe?"

"Ni yeye mwenyewe."

Akaitupa kwenye kapu la nyuma, juu ya nyingine, akaita anayefuata.